Nikeli inakuja jirani, pumba zitakuwa za nani?

MKULIMA wa Mabamba anapopeleka mahindi yake mashineni kukobolewa, kuna swali dogo ambalo hulimaliza na mwenye mashine kabla injini haijawashwa: pumba ni za nani? Zamani swali hilo halikuwepo. Pumba zilimwagwa nyuma ya kibanda, kuku wakazichakura na mvua ikamaliza kazi. Siku hizi pumba ni biashara. Wafugaji wa nguruwe na kuku wanazinunua kwa gunia, na wapo wenye mashine walio tayari kupunguza bei ya kukoboa ili mradi wabaki nazo. Mkulima asiyeuliza mapema anarudi nyumbani na sembe tu.

Swali hilo hilo sasa linafaa kuulizwa kuhusu nikeli.

Ukanda wa miamba yenye nikeli unapita katika Kabanga, wilayani Ngara mkoani Kagera, na kushuka kuelekea kusini-magharibi hadi Musongati ndani ya Burundi, katika eneo lililokuwa mkoa wa Rutana ambalo tangu mwaka 2025 limeingizwa katika mkoa mpya wa Burunga. Mabamba haimo ndani ya machimbo hayo mawili, bali ni jirani wa yote mawili. Agosti 2025 jiwe la msingi la reli ya kisasa kutoka Uvinza kwenda Musongati liliwekwa huko Musongati, baada ya mkataba wa ujenzi wa kilometa 282 kusainiwa Januari mwaka huo kwa gharama ya dola za Marekani bilioni 2.15. Reli ya namna hiyo haijengwi kwa ajili ya maharage na mihogo peke yake. Inajengwa kwa ajili ya mawe mazito.

Wafanyabiashara wa soko la mpakani Mabamba wana kila sababu ya kuifurahia habari hiyo, kwani wachimbaji na wajenzi wa reli lazima wale. Lakini kuna upande wa pili ambao hauzungumzwi sana sokoni. Katika madini ya namna hii, kinachouzwa ni kidogo mno kikilinganishwa na kinachobaki. Na hicho kinachobaki, yaani pumba za mgodi, kinaweza kuwa mali au kinaweza kuwa sumu. Wakati mwingine lundo hilo hilo moja huwa vyote viwili.

Kilo 24 ndani ya tani moja

Tuanze na hesabu ya Kabanga, maana takwimu zake zimetangazwa. Kwa mujibu wa upembuzi yakinifu uliotolewa Julai 2025, akiba ya mawe yanayofaa kuchimbwa ni tani milioni 52.2, yenye wastani wa asilimia 1.98 ya nikeli, asilimia 0.27 ya shaba na asilimia 0.15 ya kobalti. Tukiziweka asilimia hizo katika lugha ya mizani, kila tani moja ya mawe ina karibu kilo 20 za nikeli, chini kidogo ya kilo 3 za shaba na kilo moja na nusu ya kobalti. Jumla ni kilo 24. Zinazobaki, kilo 976, ni mwamba, chuma na salfa.

Nikeli ndiyo inayofanya sufuria na vijiko vya chuma cheupe visishike kutu, na pamoja na kobalti hutumika katika betri za magari ya umeme. Ndiyo maana mataifa makubwa yameyaingiza madini hayo katika orodha ya madini mkakati, na kila mmoja anataka ahakikishiwe kuyapata. Hapa ndipo linapoingia suala la kuyapata kwa njia endelevu. Kwa lugha nyepesi maana yake ni mambo mawili: kutoa metali zote zilizomo ndani ya jiwe badala ya kuchukua moja na kutupa nyingine, na kuhakikisha kinachobaki hakimdhuru jirani.

Mambo hayo mawili yanasikika mazuri kwenye karatasi. Kuyaona yakitendeka, na kuona mahali yalipokwama, inabidi tutoke Kigoma kwa muda twende Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya Milima ya Rwenzori. Huko yalifanyika mapema kabla sisi hatujaanza kuyazungumza.

Lundo la Kasese

Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese. Mawe yalisagwa hadi kuwa kama unga, yakachanganywa na maji na dawa, kisha yakapulizwa hewa ili chembe za shaba zishikwe na mapovu na kuelea juu. Makinikia ya shaba yalipanda treni kwenda kuyeyushwa Jinja, na kutoka hapo shaba ikaenda Mombasa. Hadi mgodi uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikuwa umetoa takriban tani 270,000 za shaba.

Lakini jiwe la Kilembe halikuwa na shaba tu. Lilikuwa pia na pirite, lile jiwe linalong'aa kama dhahabu ambalo limewahi kuwadanganya wachimbaji wengi, na ndani ya pirite hiyo kulikuwa na kobalti. Wenye mgodi walilijua hilo. Wakaitenga pirite na kuirundika Kasese wakisubiri siku itakayopata soko. Lundo likakua hadi kufikia karibu tani milioni moja. Kila tani ilikuwa na takriban kilo 14 za kobalti.

Kwa hiyo haikuwa takataka machoni pa waliyoirundika. Ilikuwa akiba. Kosa lilikuwa namna ya kuihifadhi, kwani iliachwa nje, ikipigwa na jua na mvua.

Pirite ikikutana na hewa na maji hutoa tindikali, ile ile iliyomo ndani ya betri ya gari. Tindikali hiyo nayo huyeyusha metali nyingine zilizomo kwenye lundo na kuondoka nazo kila mvua inaponyesha. Kasese iko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na maji kutoka kwenye lundo yalitiririka kuingia hifadhini kuelekea Ziwa George. Njia yaliyopita ilikauka. Nyasi zilikufa, ukabaki ukanda mtupu wa udongo uliobadilika rangi. Mgodi ulipofungwa na wafanyakazi kuondoka, lundo halikufungwa. Liliendelea kutoa tindikali mwaka hadi mwaka, bila mshahara na bila msimamizi.

Mwaka 1999 ndipo kiwanda cha Kasese Cobalt Company kilipoanza kazi, serikali ya Uganda ikiwa na hisa kupitia Kilembe Mines. Kilijengwa kwa uwezo wa kutoa karibu tani 1,000 za kobalti kwa mwaka, na umeme wake kilijizalishia chenyewe kutoka Mto Mubuku. Jambo lililokipa sifa duniani, hata hivyo, ni wafanyakazi wake wengine: bakteria.

Bakteria hao ni jamii ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho ambao kwa asili huishi katika maji makali ya migodini. Chakula chao ni chuma na salfa. Pirite ilisagwa tena, ikatiwa ndani ya matangi makubwa pamoja na maji na virutubisho (mbolea, ukipenda kuita hivyo), hewa ikapulizwa kutoka chini, na bakteria wakaachiwa waimeng'enye kwa siku kadhaa. Kazi yao hutoa joto jingi, hivyo matangi yalipaswa kupozwa muda wote ili yasizidi nyuzi joto 40 na kidogo, la sivyo wafanyakazi hao wangekufa. Teknolojia hiyo ilitoka katika taasisi ya utafiti wa jiolojia ya Ufaransa, BRGM. Mwisho wa safari, kobalti ilikuwa imeyeyuka katika maji. Mawe ya chokaa yaliyosagwa yakatumika kupunguza ukali wa tindikali na kukiondoa chuma, maji yakasafishwa hatua kwa hatua, na umeme ukaivuta kobalti ikagandamana kama bati safi.

Msomaji atambue kilichofanyika hapo. Tendo lile lile lililokuwa likiua nyasi za Hifadhi, yaani pirite kuoza na kutoa tindikali, liliingizwa ndani ya tangi na kuwekwa chini ya usimamizi. Nje lilikuwa sumu. Ndani ya tangi likawa ajira.

Kazi haikwenda moja kwa moja. Mwaka 2002 bei ya kobalti duniani ilishuka, kiwanda kikasimama, na kikafunguliwa tena mwaka 2004 bei ilipopanda. Kati ya mwaka 2013 na 2014 uzalishaji ulikoma kwa sababu nzuri: lundo lilikuwa limekwisha. Pumba za miaka ya shaba zilikuwa zimeliwa zote.

Hapo ndipo wengi wanaosimulia habari ya Kasese humalizia. Mimi naona bado kuna nusu nyingine, na ndiyo inayomhusu mkulima. Juu huko Kilembe kwenyewe, katika bonde la Mto Nyamwamba, kulikuwa na malundo mengine ya mabaki ya mgodi ambayo hayakuwa na kobalti ya kutosha kumvutia mtu. Hayo hayakupata kiwanda. Mei 2013 mto ulifurika vibaya, na mwaka 2020 ukafurika tena, ukila kingo zake pamoja na mabaki hayo na kuyasambaza bondeni. Wanasayansi waliopima udongo wa mashamba na mazao ya bustani katika bonde hilo wamekuta shaba na kobalti kupita kiwango katika baadhi ya sehemu. Lundo lenye thamani lilipata mwenyewe. Lundo lisilo na thamani liliachiwa wakulima.

Udongo mwekundu wa Musongati

Mawe ya Kabanga ni ndugu wa karibu wa yale ya Kilembe. Nayo yana salfa nyingi, na jamii ya pirite iliyomo humo hutoa tindikali upesi kuliko pirite ya kawaida. Njia za kuzuia zinajulikana. Sehemu ya mabaki huchanganywa na saruji na kurudishwa chini kujaza mashimo yaliyokwisha kuchimbwa, na yanayobaki juu huhifadhiwa katika bwawa lililotandikwa, mara nyingi yakiwa chini ya maji ili hewa isiyafikie. Kuhusu kobalti, mpango uliotangazwa tangu mkataba wa serikali na mwekezaji wa Januari 2021, ulioipa serikali hisa ya asilimia 16, ni kusafisha metali Kahama, katika eneo la uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, kwa kuziyeyusha katika maji badala ya moto wa tanuru. Faida ya njia hiyo ni kwamba tanuru la kawaida hupoteza kobalti nyingi ndani ya takataka zake, wakati njia ya maji huiokoa. Hadi mwaka 2025, hata hivyo, ujenzi wa kiwanda hicho ulikuwa haujaanza. Bila kiwanda, kitakachoondoka nchini ni makinikia, na neno hilo halihitaji maelezo kwa Mtanzania aliyekuwa na redio mwaka 2017.

Musongati ni habari nyingine. Huko nikeli haimo ndani ya jiwe gumu lenye salfa bali ndani ya udongo mwekundu na miamba iliyooza kwa mvua za maelfu ya miaka, udongo ambao mtu wa Kibondo akiuona atadhani ni wa shambani kwake. Ilijulikana tangu miaka ya 1970, ikabaki pale pale kwa sababu mbili: umeme na usafiri. Udongo wa namna hiyo hauelei kwa mapovu. Ama unayeyushwa kwenye tanuru linalokula umeme mwingi mno, ama unapikwa ndani ya mitungi mikubwa kwa tindikali, joto na mgandamizo, kama inavyofanyika Indonesia. Njia ya tindikali huokoa nikeli na kobalti kwa pamoja, lakini huacha tope jingi kuliko udongo uliochimbwa, kwa sababu tindikali na chokaa vyote huishia humo.

Reli ikifika, sababu moja kati ya zile mbili itakuwa imeondoka. Swali la njia ipi itatumika, na tope litakaa wapi, halijafika Mabamba. Linapaswa kufika, kwa sababu ya mto.

Maji hayana paspoti

Sehemu kubwa ya Kumoso, lile bonde la joto la mashariki mwa Burundi, humwaga maji yake katika Mto Malagarasi. Maji ya Kibondo na Kasulu nayo huenda huko huko. Malagarasi hupita mpakani, huingia katika ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Ramsari ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, kisha huzunguka hadi Uvinza na kumwaga Ziwa Tanganyika. Wavuvi, wafugaji nyuki, wakulima wa mpunga na wenye mifugo wote wanaishi kwa mto huo.

Sasa tazama mgawanyo wa mapato. Mgodi ulioko Tanzania hulipa mrabaha serikalini, na halmashauri ulipo hupata ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo pamoja na mpango wa huduma kwa jamii ambao sheria inataka halmashauri iuidhinishe. Mgodi ulioko Ngara utailipa Ngara. Mgodi ulioko Musongati utailipa Burundi. Kibondo na Kasulu hazimo katika hesabu yoyote kati ya hizo. Zitapata biashara, kama itakuwepo, na zitapata maji.

Bahati ni kwamba kuna chombo. Juni 12, 2003, Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilisaini jijini Dar es Salaam mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, na ofisi ya Mamlaka ya ziwa hilo iko Bujumbura. Mkataba huo hauishii ufukweni. Unahusu bonde zima, pamoja na mito inayoingia ziwani, na unazitaka nchi wanachama kutoa taarifa na kufanya tathmini ya mazingira kwa shughuli zinazoweza kumdhuru jirani. Migodi imo. Kwa hiyo mkazi wa Mabamba anayeuliza kuhusu bwawa la tope la Musongati haingilii mambo ya nchi ya watu. Anauliza lililokwisha kuandikwa.

Na mabwawa hupasuka. Novemba 2022 bwawa la mabaki la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, lilipasuka na tope likafunika mashamba na makazi ya kijiji jirani. Februari 2025 bwawa la mgodi wa shaba karibu na Chambishi nchini Zambia lilipasuka, na maji yenye tindikali yakaingia katika mito inayolisha Mto Kafue, samaki wakafa na mashamba ya kando ya maji yakaungua. Tofauti ya Mwadui na Chambishi ni muhimu kwa mkulima. Tope la almasi ni hasara ya msimu, pengine misimu. Tope la salfa na tindikali linaweza kubaki ndani ya udongo kwa muda mrefu zaidi ya maisha ya aliyelima.

Mwenye mwalo na marudio yake

Nani basi atakuwa mwenye pumba? Katika dhahabu tunalo jibu tayari, na si zuri sana. Wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa, na hata walioko Kakonko jirani yetu, hupeleka mawe yao kwenye karasha na mwalo, wakaosha na kukamata dhahabu kwa zebaki. Njia hiyo mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Mabaki, ambayo wenyewe huyaita marudio, kwa desturi ya maeneo mengi hubaki kwa mwenye mwalo kama sehemu ya malipo. Yeye huyauza au huyachenjua upya kwa sayanaidi, na hapo ndipo nusu ya pili inapotoka. Mchimbaji aliyezama shimoni keshaondoka zamani na vumbi lake kwenye kikaratasi.

Zebaki nayo ina matatizo yake, na Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata wa kuipunguza mwaka 2020. Lakini hata mtu asiyejali mazingira anaweza kuiona hasara hapo: aliyechimba ameuza nusu kwa bei ya kusagisha. Wakubwa hawafanyi hivyo. Mgodi wa Bulyanhulu ulipositisha uchimbaji wa chini ya ardhi mwishoni mwa 2017, uliendelea kupata dhahabu kwa kuchenjua upya mabaki yake ya zamani hadi uchimbaji uliporudi mwaka 2020. Mabaki hayo walikuwa wameyatunza na walijua kilichomo.

Mfano mwingine unaanzia Burundi na kuishia kwenye mbolea. Kampuni ya Rainbow Rare Earths ilianza kuchimba madini adimu Gakara, karibu na Bujumbura, mwaka 2017. Mwaka 2021 serikali ya Burundi ilisimamisha uchimbaji na usafirishaji ikilalamikia bei inayolipwa. Kampuni ikageukia Phalaborwa, Afrika Kusini, kwenye malundo ya jasi yaliyobaki baada ya kiwanda kutengeneza tindikali ya fosforasi, malighafi ya mbolea. Ndani ya malundo hayo, yenye zaidi ya tani milioni 30, kuna madini adimu yale yale yanayotafutwa kwa ajili ya sumaku za mashine za umeme. Hakuna kulipua mwamba, kwani kazi ya kusaga ilikwisha kufanywa na mwingine kwa gharama yake. Hadi mwaka 2025 ulikuwa bado ni mradi na si kiwanda, lakini wawekezaji hawasumbuki hivyo kwa takataka.

Bei haina rafiki

Wafanyabiashara wa Mabamba wasiweke rehani nyumba kwa matumaini ya nikeli. Machi 2022 bei yake katika soko la London ilipita dola 100,000 kwa tani kwa muda mfupi, hadi soko likasimamisha biashara. Mwaka 2024 ilikuwa imerudi chini ya dola 20,000, kwa sababu Indonesia imelijaza soko, na kampuni kubwa ya BHP ikafunga kwa muda shughuli zake za nikeli Australia. Mwaka 2025 BHP hiyo hiyo ilijitoa Kabanga na kumwachia mbia wake. Kobalti nayo ilishuka hadi Kongo ikazuia kuiuza nje Februari 2025, bei ikapanda, kisha ukaja mgao wa kiasi cha kuuza. Mtu aliyeuza maharage mpakani anaijua tabia hiyo.

Na eneo hili limewahi kuona mteja mkubwa akija na kuondoka. Kambi za wakimbizi za Kibondo, Kakonko na Kasulu zilijenga masoko mazima ya unga, mafuta, mihogo na ndizi. Mtendeli ilipofungwa mwaka 2021, waliokuwa wameweka mtaji wote upande mmoja waliumia zaidi ya waliokuwa na shamba la kahawa nyuma yao.

Biashara iliyo karibu zaidi kuliko nikeli yenyewe huenda ikawa ya chokaa. Kila njia iliyotajwa hapa, iwe ya bakteria Kasese au ya mitungi ya tindikali Indonesia, hula chokaa kwa wingi, kwa sababu hakuna kitu rahisi kuliko hicho cha kuua ukali wa tindikali. Mawe ya chokaa Kasulu yapo, na wapo wanaoyachoma kwa kuni kwa ajili ya kupaka nyumba. Ubora wake, na gharama ya kuyafikisha kwenye reli, ni jambo la kupimwa na watu wa madini mkoani kabla mtu hajanunua lori. Kuchoma kwa kuni nako hakutafaa kwa kiwango hicho, misitu ya Kasulu imekwisha kubeba mzigo mkubwa.

Chupa za maji kabla ya katapila

Kuna jambo moja ambalo halihitaji mwekezaji wala kusubiri bei ipande. Mto ukichafuka, swali la kwanza mahakamani au mezani huwa ni hili: ulikuwaje kabla? Asiyekuwa na kipimo cha kabla hana la kujibu, na kampuni itasema, pengine kwa haki, kwamba chuma au nikeli hiyo ilikuwemo majini tangu enzi za mababu kwa kuwa mwamba wenyewe ndio uko hivyo.

Vipimo vinavyotakiwa si vingi. Ukali wa maji, salfati, chuma, nikeli, kobalti na shaba, vikichukuliwa katika sehemu zile zile mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi mito inapokuwa imepungua na katikati ya masika inapojaa. Udongo wa mashamba ya mabondeni upimwe mara moja tu, na nakala ya majibu ikae ofisi ya kata pamoja na ya halmashauri. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Kigoma, ndiyo yenye mamlaka ya maji hayo kisheria, na jumuiya za watumia maji zilizo chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 zina haki ya kuiomba. Diwani anaweza kuliweka katika bajeti ya halmashauri. Barua inayotaja mito kwa majina yake na mahali pa kuchota itajibiwa upesi zaidi ya ile inayosema "tunaomba maji yapimwe".

Katapila za reli zikifika Kumoso, kipimo kitakachochukuliwa siku hiyo hakitaitwa tena cha kabla. Kiangazi huisha Septemba, mvua za kwanza huanguka Oktoba.